Runinga inazima ila sauti haiongezeki: kuseti rimoti ya vifaa vyote

Swali: "Fundi, habari za kazi. Rimoti yetu ya runinga ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Nikanunua ile ya vifaa vyote, nikaiseti kwa kufuata karatasi yake. Sasa runinga inawaka na kuzima vizuri, lakini sauti haiongezeki na menyu haifunguki. King'amuzi kimeitikia, ila nikibadilisha chaneli yake, runinga nayo inahama kutoka HDMI na kwenda kwenye chaneli zake za antena. Saundiba ndiyo kichekesho: nikibonyeza kile kitufe cha kuwasha vyote kwa pamoja, inawaka sekunde chache kisha inazima. Na stiki ya kuangalia filamu za mtandaoni haisikii kabisa. Rimoti ni mbovu, au mimi ndiye sijui kuseti?"

Jibu: Salama, ndugu yangu. Rimoti yako ni nzima, na kuseti unajua. Kosa lako ni moja tu, nalo ni kosa la karibu kila mtu: uliona runinga imezima ukasema basi, namba ya runinga kwenye ile karatasi imepatikana. Hayo mengine matatu yana sababu nyingine kabisa, na la stiki halina dawa ndani ya rimoti hiyo hata ukesha nayo. Nitayachukua moja moja, ila la runinga nitalikalia zaidi kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Kwanza ujue unashika kitu gani. Rimoti ya kawaida ina mdomo, haina masikio. Mbele yake kuna taa ndogo inayotoa mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, ambao jicho letu haliuoni. Ukibonyeza kitufe, taa hiyo inamemeteka kwa kasi kubwa, kwa kawaida kama mara 38,000 kwa sekunde, na kasi hiyo ndiyo inayoisaidia runinga kuitofautisha rimoti na jua au taa ya sebuleni. Ndani ya kumemeteka huko kuna ujumbe. Katika mfumo unaoitwa NEC, ambao umeenea sana, ujumbe huanza na mmweko mrefu wa milisekunde 9, kisha kimya cha milisekunde 4.5, halafu inafuata anwani ya kifaa na mwisho amri yenyewe. Ni kama kuita mtu uani: kwanza unataja jina, "Wewe runinga!", ndipo unasema unachotaka, "Ongeza sauti!" Asiyeitwa jina lake anatakiwa kunyamaza.

Shida ni kwamba si vifaa vyote vinavyosema lugha hiyo. Philips walitunga yao, RC-5, inayomemeteka mara 36,000 kwa sekunde. Sony wana ya kwao, mara 40,000, na ujumbe wao mfupi una biti 12 tu, yaani alama 12 za sifuri au moja. Ile karatasi ya namba iliyokuja na rimoti yako ni orodha ya lugha na majina. Kila namba unayoingiza inaiambia rimoti: kuanzia sasa ongea lugha hii, muite huyu, na kitufe hiki kitume amri ile. Rimoti ikishatuma imemaliza. Haijui kama runinga imesikia, haijui kama imeelewa, haijui hata kama kuna runinga chumbani. Masikio ni yako wewe.

Ndiyo maana kitufe cha kuzima ni shahidi asiyetosha. Kampuni moja inaweza kutengeneza runinga kwa miaka mingi, ikabakiza amri ile ile ya kuwasha na kuzima, huku menyu na vitufe vingine vikibadilika kila toleo. Kwa hiyo chini ya jina moja kwenye karatasi utakuta namba kumi au ishirini, na tano kati yake zote zinaizima runinga yako. Wewe umeangukia ya kwanza. Sauti na menyu unazozitafuta zipo kwenye mojawapo ya zile nne ulizoziacha.

Fanya hivi. Washa runinga kwa kitufe kilicho kwenye mwili wake, na uhakikishe betri za rimoti ni mpya. Bonyeza kitufe cha TV, kisha shikilia SET au SETUP mpaka taa nyekundu ya rimoti iwake au imweke mara mbili, kutegemea kampuni. Ingiza namba inayofuata kwenye orodha. Rimoti ikiipokea, taa itazima au itamweka tena mara mbili. Hapo usiguse kitufe cha kuzima. Anza na sauti: juu, chini, kunyamazisha. Halafu fungua menyu, teremka kwa mshale, rudi kwa BACK au EXIT. Kisha SOURCE au INPUT, kwa sababu kitufe hicho ndicho utakachokililia siku runinga ikikwama kwenye antena. Cha mwisho ndiyo kuzima. Namba ikifeli hata jaribio moja kati ya hayo, songa mbele kwenye inayofuata. Ukimaliza orodha bila kupata iliyokamilika, rudi uchague iliyokaribia zaidi, na hayo mapungufu tutayaziba kwa njia ya kufundisha nitakayoieleza chini.

Ukiipata, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha betri. Si kwenye karatasi ya maelekezo, hiyo itapotea kabla ya mwezi kwisha. Kifunikoni. Rimoti za zamani husahau kila kitu betri zikitoka, na hata hizi mpya zinazokumbuka, siku moja mtoto atashikilia SET na kucheza na namba.

Angalia pia jina unalolitafuta kwenye karatasi. Jina lililoandikwa mbele ya runinga si lazima liwe la aliyeitengeneza. Runinga nyingi zenye jina la Philips hutengenezwa na TP Vision, na biashara ya runinga za Toshiba ilinunuliwa na Hisense, ununuzi uliokamilika mwaka 2018. Kwa hiyo runinga mpya ya Toshiba inaweza isielewe namba yoyote iliyo chini ya Toshiba, ikaja kuitikia namba iliyo chini ya jina jingine kabisa. Nimeshaona mtu akijaribu namba zote za kampuni moja usiku mzima, kumbe alitakiwa kuhamia mstari wa pili wa karatasi.

Karatasi ikikushinda, iko njia ya kutafuta yenyewe. Rimoti inapita kwenye namba zake moja baada ya nyingine ikituma amri kila mara, nawe unaisimamisha kifaa kikiitikia. Katika rimoti nyingi za One For All, kwa mfano, unabonyeza kitufe cha kifaa, unashikilia kitufe cha kuseti mpaka taa imweke mara mbili, unaingiza 9-9-1, unabonyeza cha kuzima, halafu unabonyeza chaneli juu tena na tena, taratibu, mpaka runinga izime. Hapo unabonyeza kitufe cha kuseti mara moja kufunga. Taratibu, nasema, kwa sababu ukienda haraka runinga itazima wakati kidole chako kimeshaipita namba yenyewe, na utafunga jirani yake. Hesabu moja, mbili, ndipo ubonyeze tena. Baadhi ya rimoti za bei nafuu hutafuta zenyewe ukishikilia kitufe, na nyingine hukuruhusu kutafuta kwa kitufe cha sauti badala ya cha kuzima. Kama yako inaruhusu, tumia sauti bila kufikiri mara mbili. Ukiona alama ya sauti imetokea kwenye skrini, achia papo hapo.

Na namba iliyopatikana kwa kutafuta unaijuaje ili uiandike kifunikoni? Kwenye hizo hizo za One For All, ingiza 9-9-0, kisha bonyeza 1 uhesabu taa imemweka mara ngapi, hiyo ni tarakimu ya kwanza. Bonyeza 2 kwa tarakimu ya pili, na kuendelea. Inachekesha kidogo kukaa gizani ukihesabu taa, lakini inafanya kazi.

Kabla hatujaondoka kwenye runinga, nikuonye juu ya jaribio la kamera ya simu, maana lazima mtu atakuambia. Elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe, ukiona taa inameta kwenye skrini ya simu rimoti ni nzima. Kweli, lakini tumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia selfi. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi. Mimi miaka ile nilijaribu kwa kamera ya nyuma, sikuona kitu, nikaitupa rimoti ya mteja na kumuuzia nyingine. Wiki iliyofuata mwenzangu akaiokota kwenye pipa, akaweka betri, akawasha nayo runinga ya karakana mbele yangu. Nilimrudishia mteja hela yake.

Sasa king'amuzi. Unabadilisha chaneli, runinga nayo inahama. Rudi kwenye mfano wa kuita uani: umeita jina ambalo watu wawili wanaitikia. Namba uliyochagua kwa king'amuzi ina lugha na anwani ambayo runinga yako nayo inaitambua, basi CH+ moja inasikika kote, na runinga ikisikia CH+ inadhani umeitaka antena. Si jambo la ajabu. Katika NEC ya kawaida anwani ina biti 8, yaani anwani 256 tu, na RC-5 ina 32, wakati watengenezaji duniani ni wengi.

Hakikisha kwanza kama ndicho kisa chenyewe. Chukua kipande cha karatasi ngumu au mfuko mweusi, funika sehemu ya runinga inayopokea mwanga (mara nyingi ni kidoa cheusi chini ya skrini, karibu na taa ndogo), halafu badilisha chaneli ya king'amuzi. Runinga ikitulia, basi ilikuwa inasikia rimoti kwa macho yake. Ikiendelea kuhama ilhali imefunikwa, habari inapita kwenye waya wa HDMI, na hiyo ni hadithi ya saundiba inayokuja. Kwa dalili ulizozitaja mimi naweka dau langu kwenye la kwanza.

Dawa yake: jiulize, rimoti asili ya king'amuzi ilikuwa inaihamisha runinga? Kama haikuwa, basi namba safi ipo, na kazi yako ni kuendelea kuzijaribu namba za king'amuzi ukiiangalia runinga badala ya king'amuzi. Kama ilikuwa inaihamisha tangu zamani, namba mpya haitasaidia. Hapo jaribu kubadilisha mipangilio ya runinga yenyewe au, kama king'amuzi chako kina mpangilio wa kuchagua kitambulisho cha rimoti kwenye menyu yake, kibadilishe hapo. Usinibandike gundi kwenye kidoa cha runinga, maana utakuwa umemziba masikio mtu unayetaka kuongea naye.

Na kwa kuwa rimoti ya king'amuzi bado unayo, hujaitupa natumaini, kuna njia iliyonyooka kuliko karatasi yote: kufundisha. Rimoti nyingi za vifaa vyote zina kitufe cha LEARN. Steve Wozniak, aliyeanzisha Apple pamoja na Steve Jobs, alitoa rimoti ya kujifunza mwaka 1987 kupitia kampuni yake ya CL 9, akaiita CORE, kwa hiyo ujanja wenyewe si wa leo. Zilaze rimoti mbili mezani, vichwa vikitazamana, zikiachana kama sentimita 3 hivi. Ziweke mbali na dirisha lenye jua na uzime taa za mrija na zile za kubana umeme, maana nazo zinamemeteka na rimoti inaweza kurekodi kelele. Weka ile mpya kwenye hali ya kujifunza, bonyeza kitufe unachotaka kukifundisha, kisha bonyeza kitufe hicho hicho kwenye ile asili. Gusa na uachie, au shikilia, kama karatasi inavyosema. Hapo watengenezaji hawakubaliani. Rudia kitufe kwa kitufe. Kwa vitufe kumi na tano kazi hii haimalizi nusu saa.

Kuna mtego mmoja katika kufundisha ambao nimeona ukiwachanganya hata mafundi. Kitufe kinafanya kazi mara moja tu. Unabonyeza 1, inakubali. Unabonyeza 1 tena ili upate chaneli ya 11, haitaki. Unabonyeza 2, inakubali. Hii ni tabia ya RC-5. Ndani ya ujumbe wake kuna biti moja inayogeuka kila unapoachia na kubonyeza upya, ili kifaa kijue kama umeshikilia kitufe au umekibonyeza mara ya pili. Rimoti iliyojifunza kwa kukariri inatuma biti ile ile daima, basi kifaa kinaamini bado umeshikilia. Ukikutana na hilo, acha kufundisha, rudi kwenye namba za karatasi. Humo rimoti inaijua lugha yenyewe na inaigeuza biti inavyotakiwa.

Nisiache kusema: usijaribu kuifundisha rimoti ya kiyoyozi kwa njia hii ukitegemea iwe sawa na runinga. Ile yenye skrini ndogo haitumi "ongeza digrii moja". Kila ukibonyeza inatuma hali nzima: joto, feni, hali ya kupoza au kupasha, vyote kwa mkupuo. Ukirekodi kitufe kimoja utakuwa umerekodi digrii 24 feni ya pili, basi, na itarudia hiyo hiyo milele.

Saundiba. Hili ndilo swali lililonifanya nitabasamu, kwa sababu kifaa chako hakina kosa lolote; kinatii amri mbili. Kitufe cha kuwasha kwenye rimoti nyingi hakimaanishi "waka". Kinamaanisha "geuka": kama umezima waka, kama umewaka zima. Sasa runinga na saundiba zako zimeunganishwa kwa HDMI, na ndani ya waya wa HDMI, kwenye pini ya 13, kuna njia moja ya mazungumzo inayoitwa CEC. Kupitia hapo runinga ikiamka inaiambia saundiba iamke. Kila kampuni imeipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony Bravia Sync, Philips EasyLink, Panasonic Viera Link. Ni kitu kile kile.

Fuatilia basi kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuwasha vyote. Rimoti inatuma amri kwa runinga. Runinga inaamka na kuinong'oneza saundiba kwenye waya: amka. Saundiba inaamka. Rimoti, isiyo na masikio, inafika zamu ya saundiba na kuiambia: geuka. Imewaka, inageuka, inazima. Hizo ndizo sekunde chache ulizoziona.

Chagua mmoja awe bwana. Ama uiachie CEC kazi ya kuwasha, uondoe saundiba kwenye mfululizo wa kitufe cha kuwasha vyote. Ama uzime CEC kwenye mipangilio ya runinga, kila kifaa kiwashwe na rimoti. Kwako wewe nashauri la kwanza bila kusita, kwa sababu ukizima CEC utaharibu na dawa ya stiki. Mradi saundiba iwe imechomekwa kwenye tundu la runinga lililoandikwa ARC au eARC, kitufe cha sauti cha runinga kitaongeza sauti ya saundiba moja kwa moja, na hutahitaji hata kuiseti saundiba kwenye rimoti.

Ukiamua bado kutumia mfululizo kwa vifaa vingine, jua kwamba utateleza siku moja. Mtu atapita mbele ya kidoa wakati rimoti inatuma, kifaa kimoja kitakosa amri, na kuanzia hapo kimoja kiko juu kingine kiko chini, kila ukibonyeza vinapishana. Dawa ya kweli ni amri mbili tofauti, moja ya "washa tu" na nyingine ya "zima tu". Vifaa vingi vinazielewa hata kama rimoti yake asili haina vitufe hivyo, na rimoti nzuri za vifaa vyote huzihifadhi. Itafute hiyo kabla ya kujenga mfululizo. Pia weka kituo cha sekunde kadhaa baada ya kuwasha runinga, kama rimoti inaruhusu: runinga za siku hizi zinaamka polepole, na amri ya kuhamia HDMI ikifika kabla hazijaamka vizuri inapotea hewani.

Stiki. Hapa rimoti yako haina la kufanya, kwa sababu inaongea kwa mwanga na mwenzake hana macho. Fire TV Stick hutumia Bluetooth. Stiki za Roku huongea na rimoti yake kwa Wi-Fi. PlayStation 5 nayo haina kipokezi cha infraredi. Halafu kuna vinavyosikia: kisanduku cha Apple TV kinapokea infraredi pamoja na Bluetooth, na Xbox Series X ina kipokezi chake. Kupima kifaa chochote, chukua rimoti yake asili uielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu. Ukibonyeza vitufe vyote bila kuona mmeto hata mmoja, na betri ni nzima, haitumii infraredi, na huwezi kuirekodi kwa kufundisha. Hata rimoti za runinga mpya, zile nyembamba zenye kipaza sauti, baadhi hutoa mwanga kwa kitufe cha kuwasha tu na mengine yote hupita kwa Bluetooth. Ukiona kufundisha kunagoma kwa vitufe fulani pekee, shuku hapo.

Kwako CEC inakuokoa. Iwashe kwenye mipangilio ya runinga na kwenye mipangilio ya stiki, kisha chagua HDMI ya stiki na ubonyeze mishale ukiwa kwenye hali ya TV. Runinga inapokea mwanga kutoka rimoti yako na kuupeleka ujumbe kwenye stiki kwa waya. Juu, chini, kushoto, kulia, OK na kurudi vitafanya kazi. Ndiyo sababu nilikusumbua sana na mshale na BACK wakati wa kutafuta namba ya runinga: bila namba iliyokamilika, mlango huu nao umefungwa. Usitegemee kitufe cha kuongea kwa sauti wala vile vya njia ya mkato vya kufungua programu. Kwa kuandika majina ya filamu, programu ya stiki kwenye simu ni rahisi kuliko rimoti yoyote.

Anza leo na runinga peke yake, ukiwa umechomoa king'amuzi na saundiba kwenye umeme ili visikuchanganye. Ikishakaa sawa, chomeka saundiba ujaribu CEC, kisha stiki, na king'amuzi kiwe cha mwisho. Kama orodha yote imekugomea, niandikie yaliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya runinga, herufi na tarakimu za modeli kama zilivyo, pamoja na modeli ya rimoti iliyo ndani ya kifuniko cha betri. Jina la mbele usijisumbue kunitumia.